Nilishika Taa

Nilikuwa na miaka tisa. Nilishika taa.
Si ushujaa: baba alihitaji mikono yote miwili
kuzungusha gurudumu la lango la maji,
mama alikuwa kitandani na homa,
na kaka yangu Remi alikwisha kuwa jina
kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni pa posta.

“Inua juu, Godelieve. Usitikise.”
Ndiyo maneno yote aliyoyasema usiku ule
bahari ilipoingia Flandria kupitia kwetu.

Haikuingia kwa kishindo.
Ilikuja kama mgeni mwenye haya,
ikajaza nyayo za ng’ombe, moja baada ya moja,
ikapapasa viazi ardhini, ikasogea.
Maji yalipojaa baba alifungua; yalipokupwa, akafunga.
Siku nne hivyo, kama mtu anayekamua.
Siku ya tano hapakuwa na shamba, palikuwa na kioo,
na chini ya kioo mahandaki,
na ndani ya mahandaki vijana wa Kijerumani
ambao hawakuwahi kuvaa viatu.

Ngoja. Sitaki kuwahurumia upesi.
Wiki mbili kabla walimsimamisha Kamiel mwoka mikate
na wanaume kumi na mmoja kwenye ukuta wa kiwanda cha ngozi.
Ukuta ule una matundu. Nimeingiza kidole.
Nani angewaambia karibuni, ketini?
Amani haiji ila kwa ncha ya upanga, husemwa,
na sisi upanga hatukuwa nao.
Tulikuwa na bahari.

Lakini Odiel.
Odiel Verhaeghe, jirani, kiziwi wa sikio la kushoto,
ng’ombe wake alikuwa anakaribia kuzaa.
Baba alimwendea mchana, akamwambia: hama.
Kwa nini, hakuweza kumwambia; ilikuwa siri ya jeshi.
Hama, sikuambii kwa nini.
Odiel alicheka, akamfungia jibini ampelekee mama.

Tuliila ile jibini. Ilikuwa nzuri.

Jumapili padri alipanda mimbarini akatutuliza:

*Vita vimehalalika, kwa kulinda mji wenu,
Mola amewakumbuka, kawapa bahari yenu,
Damu iliyomwagika, si juu ya shingo zenu,
Laleni pasi na shaka, ni safi mikono yenu.*

Mahubiri yalikuwa na vina.
Baba alitoka kabla ya amina, akaenda kunawa.

Walimpa nishani. Aliikunja kwenye kitambaa
akaiweka chini ya mguu mfupi wa meza ya jikoni,
na meza haikuyumba tena, nalo ni jambo la maana
katika nyumba yenye supu na watoto.

Baada ya vita alikuja mwanamke kutoka Bremen,
kofia nyeusi, picha mkononi, Kiflandria cha kuokoteza.
Wapi, alituuliza. Wapi hasa.
Baba alijificha nyuma ya zizi, mtu mzima.
Mama akamimina kahawa.
Mimi nilinyoosha kidole kuelekea kila mahali.

Ngano haikuota miaka saba. Chumvi haina uraia.

Sasa mjukuu wangu Wannes, anayesoma sheria mjini Gent,
ananiuliza kwa kalamu mkononi:
Bibi, ilikuwa haki?
Anataka ndiyo au hapana, na chini yake mstari.
Namwambia: wangerudi leo, na ukuta ule nyuma yao,
ningeishika taa. Ningeiinua juu. Nisingeitikisa.
Anaandika.
Namwambia: andika na ng’ombe pia.
Andika kwamba nilimwona, saa kumi alfajiri,
shingo nje ya maji, anamlamba kitu
ambacho hakikuwa kinasimama,
na kwamba baba alisema usitikise
kwa sababu nilikuwa natikisa.

Anauliza hilo liende upande gani wa ukurasa.

Sijui, mwanangu. Nipe koti langu.
Leo gari linaleta jasi ya kupunguza chumvi,
na ile kona ya shamba la Odiel, karibu na kisima,
bado haijakubali kitu.